Kuni na Mtoto Aliyeketi

Utotoni mwangu kuni zilikuwa na kichwa na miguu, na ole wako uzichanganye. Upande mnene, ule uliokuwa karibu na mizizi, ndio kichwa, na ndio uliotangulia motoni. Upande mwembamba ndio miguu, nao ulibaki nje ya mafiga ukingoja zamu yake. Cucu, mama mzazi wa baba, alinieleza sababu kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mwenye akili. Mti hula kwa mizizi, alisema, na mdomo wa kiumbe yeyote uko kichwani, kwa hiyo kichwa cha mti kiko chini. Mpaka leo sijapata jibu la hoja hiyo. Na katika nyumba yenye mama mjamzito, kuni ikitanguliza miguu motoni, mtoto naye atatanguliza miguu duniani.

Kwa mtoto wa mahali pengine sheria hiyo isingekuwa na taabu. Ukivunja tawi msituni unaona wazi upi ni upande mnene na upi ni mwembamba. Lakini sisi tuliishi katika kiwanda cha mbao, nje kidogo ya Elburgon, pale msitu wa Mau unapoanza, na hatukuwa na ruhusa ya kwenda msituni kuokota kuni. Tulipikia mabaki ya mashine. Vilikuwa vipande vya mtarakwa vilivyokatwa na msumeno huku na huku, ncha zote mbili bapa, unene uleule mwanzo hadi mwisho. Ukikishika kipande cha namna hiyo huwezi kujua kilikuwa kinatazama wapi kilipokuwa hai. Na mama alikuwa na mimba kubwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka watu wa kabila letu. Mimi sipendi watu wanaosema zamani ilikuwa tamu. Wakianza maneno hayo kwenye matanga, naondoka kwenda kusaidia kuosha vyombo. Asubuhi moja malori yalikuja kiwandani na askari, wakapita nyumba kwa nyumba wakiwatoa watu wetu, wakawapeleka rizavu, eneo lililotengewa kabila letu, nchi ambayo wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona kwa macho. Sisi tuliachwa kwa sababu moja tu. Baba alikuwa fundi wa kunoa misumeno, na tajiri mwenye kiwanda, Kalasinga mmoja mpole wa ndevu nyeupe, aliwaambia askari kwamba huyu akienda kiwanda kitalala. Basi tukabaki, baba na mama na Cucu na mimi, katika laini nzima ya nyumba zilizofunguliwa milango na kuachwa hivyo.

Watu huniuliza kama hatukufurahi kuachwa. Sikumbuki furaha. Nakumbuka kuku wa jirani waliokuja mlangoni kwetu kutafuta mtu wa kuwarushia punje. Nakumbuka nikicheza katika nyumba za watu, nikikaa kwenye vigoda vyao na kuongea na marafiki zangu ambao hawakuwepo, mpaka sauti yangu ikaanza kunitisha. Upande wa lango walikaa walinzi na wake zao, watu wa lugha nyingine, na wakati ule watu wa lugha mbili walitazamana kwa mbali tu. Mchana mashine zilipiga kelele na ulisahau. Jioni zikizimwa, ulisikia jinsi mahali palivyokuwa patupu.

Aliyepotelewa zaidi ni mama. Katika lori la pili alipakiwa Mama Kariuki, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa laini yetu. Yeye ndiye aliyenipokea mimi. Alikuwa na kichupa chake cha mafuta ya mbarika, na mwanamke akikaribia miezi ya mwisho alimlaza chali, akampaka, akamshika tumbo taratibu akiwa amefumba macho, kisha akasema mtoto amelala vipi. Akimkuta amekaa vibaya alimsukuma kidogo kidogo kwa viganja mpaka akageuka, na kesho yake akamrudia kuona kama ametulia. Mama aliniambia baadaye kwamba siku ile, juu ya lori, huku askari wakipiga kelele, Mama Kariuki hakuaga kwa neno jingine lolote ila hili: "Tafuta mtu wa kukushika tumbo. Usikae hivihivi." Lori likaondoka.

Hakukuwa na mtu wa kumtafuta. Mama akakaa hivihivi, wiki baada ya wiki, na mimi nikawa mtu wake wa kuongea naye, jambo ambalo nadhani lilimchosha. Siku moja tukiwa tunachambua maharagwe alichukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo, karibu na mbavu. Kulikuwa na kitu kigumu cha mviringo. Alikisukuma kwa kidole, kikaenda upande, kikarudi mahali pake.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Usimwambie Cucu," akasema.

Zahanati ya Elburgon ilikuwa na mkunga mmoja, Sista Rispa, mama mnene wa kutoka upande wa Kisumu, mwenye viatu vyeupe na sauti ya kuita watu shambani. Baba alituombea ruhusa, tukaenda kwa miguu kwa njia ya reli. Sista na mama hawakuwa na lugha moja isipokuwa Kiswahili, na kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Alimlaza mama kitandani, akamgusa juu, akamgusa chini, akaweka sikio kwenye kile kipembe cha mbao wanachosikilizia moyo wa mtoto. Mimi nilisimama kwenye pembe nimeshika leso ya mama.

"Mama, hii mtoto yako iko mzima kabisa," akasema. "Lakini imekaa. Kichwa iko huku juu, matako iko chini. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Inaweza kugeuka yenyewe. Iko na nafasi bado. Kila asubuhi na kila jioni, kabla ya kula, ulale chini, uweke kitu nene chini ya kiuno, matako ikae juu kuliko kichwa. Ukae hivyo kidogo. Halafu urudi hapa nione."

"Na isipogeuka?"

Sista Rispa aliweka kando kipembe chake. "Isipogeuka, hakuna kuzaa nyumbani. Nakwambia kweli, mama. Kichwa ikikwama mwisho, mtu asiyejua atavuta, na hiyo ni kufa kwa mtoto, labda na wewe. Utaenda Nakuru ungoje huko hospitali."

Tukarudi kwa njia ya reli. Nilimwuliza kama mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda, akacheka, halafu uso wake ukabadilika na akaniambia nitembee mbele.

Siri haikudumu hata mpaka chakula cha jioni. Baba aliuliza Sista amesema nini, na mama alipojibu kwa sauti ya chini Cucu alikuwa tayari amesimama nyuma ya baba. Nilidhani atamgombeza. Cucu alikuwa mtu wa maneno makali, na mimi niliyepewa jina lake, kwa kuwa mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, nilizijua hasira zake kuliko wote. Lakini hakugomba. Alikwenda kwenye mafiga, akachomoa kipande cha ubao kilichokuwa kinawaka, akakitazama ncha hii na ncha ile.

"Mnapikia kuni zisizo na kichwa," akasema. "Mtoto atajuaje upande wa kutokea?"

Tangu siku hiyo nikawa mwangalizi wa kuni. Cucu aliniamuru nisitie kipande chochote motoni kabla sijakijua kichwa chake, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kukitambua, alimgeukia baba. Baba hakuamini mambo ya kuni; yeye aliamini tupa na misumeno. Lakini alikuwa mtoto wa mama yake, na aliniketisha nje ya nyumba akanifundisha kwa uvumilivu mwingi. Ubao una macho, alisema, yale mabaka meusi ya mviringo. Jicho ni mahali tawi lilipotokea. Kipande kilichopasuliwa kwa urefu kinaonyesha tawi likitoka katikati ya mti na kupanda kwenda nje, kwa sababu tawi hukua likitafuta jua. Kule tawi linakoelekea ndiko juu. Basi upande wa pili ndio shina, yaani kichwa.

"Na kisicho na jicho?"

"Hicho kiache," akasema. "Mpe mlinzi."

Niliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Nilikaa karibu na rundo la mabaki siku nzima nikisoma mbao, nikitenga zenye macho na zisizo na macho, nikichora alama ya mkaa kwenye kila kichwa. Hakukuwa na mtoto wa kunicheka. Sasa naona kwamba Cucu alikuwa pia amenipa kitu cha kufanya katika ule utupu, ingawa sidhani alikusudia hivyo. Yeye alikusudia kuni.

Mama naye alifanya ya Sista. Baba alijaza gunia unga wa mbao, na mama alilala sakafuni asubuhi na jioni, gunia chini ya kiuno, miguu juu ya kitanda, uso umejaa damu. Cucu alimkuta hivyo siku ya kwanza akasimama mlangoni. Mama aliharakisha kujifunika.

"Sista alisema," mama akaeleza.

Cucu aliingia, akapiga magoti kwa shida, akalisukuma lile gunia lisije likateleza. Halafu akatoka nje, na nikamsikia akinihesabia vichwa vya kuni kule kwenye rundo kama hakikuwa kimetokea chochote.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo nililisikia bila kulielewa. Nyumba ilikuwa ya mbao na ukuta wa kati haukufika juu. Jioni moja, Cucu akiwa nje akikusanya kuku wa majirani, nilimsikia mama akimwambia baba, "Akija hivyo, mama yako atasemaje?"

"Mambo hayo yalikwisha," baba akasema. "Sisi ni watu wa kanisa."

"Yalikwisha kwako. Yeye alizaliwa nayo."

Mama alikuwa ameyasikia tangu usichana wake, kama wasichana wote wa umri wake. Kwa wazee wa zamani mtoto aliyetokea miguu mbele, au ameketi, maana kwao ilikuwa hesabu moja, alikuwa mkosi kwa ukoo. Mtoto wa namna hiyo hakulelewa. Sitasema zaidi ya hapo, maana neno lenyewe linatosha. Kwa hiyo mama aliogopa mara mbili. Aliogopa kufa na aliogopa kupona, kwa sababu akipona angerudi na mtoto kwenye nyumba ya mama mkwe, na hakujua huyo atamtazama vipi. Mama Kariuki angekuwepo, mama angemweleza woga wake. Hakuwepo, na mama aliubeba woga huo pamoja na ile mimba, akipika, akichota maji, akinisuka nywele.

Tuliporudi zahanati, Sista Rispa alishika lile tumbo kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kichwa kilikuwa palepale chini ya mbavu. "Hii ni mtu ya kiburi," akasema, na mama hakucheka. Sista akaandika, akatuma salamu kwa tajiri. Tajiri naye, kwa hisani yake, alimtafutia mama pasi ya kusafiri hadi Nakuru na nafasi mbele ya lori la mbao, karibu na dereva. Pasi ilikuwa ya mtu mmoja. Baba alijaribu kuomba ya pili, na ofisa akamwuliza kama anataka na yeye apakiwe kule walikokwenda wenzake.

Siku ya kuondoka mama alivaa sweta ya baba. Alinishika kidevu akaniambia nimtii Cucu na nisiache kuku waingie ndani. Nilimwambia asiwe na wasiwasi kuhusu kuni. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akasema, "Najua, mama," maana aliniita mama kwa ajili ya jina la Cucu. Cucu hakuja mpaka kwenye lori. Alisimama kwenye rundo la mabaki, mikono nyuma, akitazama magurudumu.

Hatukupata habari yoyote. Hiyo ndiyo sehemu ndefu zaidi ya hadithi hii na haina la kusimulia. Baba alikwenda kunoa misumeno akarudi. Cucu alipika, nami nikampa kuni moja moja, kichwa kikitangulia. Nilikuwa nimefikia umri wa kuuliza maswali, na siku moja nikamwuliza kama moto wa kwetu unaweza kumsaidia mtu aliye Nakuru, ambaye hali chakula chetu tena.

"Nyumba ni moja," akasema.

"Lakini mama hayupo ndani."

"Wewe tia kuni."

Nikatia. Nilikuwa na upweke ambao mtoto hana jina lake. Niliuhisi tumboni nikidhani ni njaa, nikala, ukabaki palepale. Cucu usiku hakulala vizuri. Nilimsikia akigeuka na kuguna. Nilidhani ni mgongo.

Lori lilipomrudisha mama, ilikuwa mchana wa jua na mashine zilikuwa zinalia. Baba alikimbia kutoka kibandani akiwa bado ameshika tupa. Mama alishuka polepole, amekonda, na kifuani alikuwa na mtoto amefungwa kwenye shuka la kijivu. Alikuwa mtoto wa kike. Baba alisogea karibu na mama, wakasemezana maneno machache ambayo kelele za mashine ziliyafunika, na nikamwona baba akikubali kwa kichwa. Kisha wakaja mlangoni, ambapo Cucu alikuwa amesimama.

Cucu hakumsalimu. "Alikuja vipi?" akauliza.

"Kwa kichwa," mama akasema.

Baba akainama kukung'uta unga wa mbao kwenye suruali yake. Cucu akamtazama mama, halafu akanigeukia mimi, akasema, "Umesikia, mwenzangu?" Nilisikia. Nilivimba kwa fahari mpaka nikashindwa kusimama sawa. Mimi na macho ya mbao tulikuwa tumemgeuza mtoto kutoka Elburgon mpaka Nakuru, na hakuna aliyeweza kunipinga. Niliishi na fahari hiyo miaka mingi, na sioni haya kusema kwamba ilinifaa.

Cucu akaomba maji ya moto. Alikaa kwenye kigoda, akaweka karai kati ya miguu yake, akamfungua mtoto. Nilikuwa nimesimama karibu naye nimeshika sabuni. Shuka lilipoachia, miguu ya yule mtoto iliruka juu, magoti yamenyooka, nyayo zikamgusa mashavu. Cucu aliishika, akaishusha taratibu. Alipoiachia ikarudi tena usoni. Nilicheka, nikidhani ni mchezo. Cucu hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya kichwa cha mtoto, kichwa kizuri cha mviringo, mbele na nyuma, mara nyingi. Alikuwa amempa mama mgongo. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ametulia kabisa, mikono imeshikana magotini.

Kisha Cucu alimwogesha. Alimpaka mafuta, akaishusha ile miguu, akaifunga kwenye nguo nyororo kwa mkazo wa kadiri, akamwinua na kumtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki. "Huyu ni Wanjiru," akasema, ndilo jina la mama yake mama. Baada ya siku hiyo hakumruhusu mtu mwingine kumwogesha. Alimwogesha yeye mwenyewe kila siku, mlango umerudishwa, mpaka ile miguu ikazoea kukaa chini kama ya watoto wengine.

Miaka ikapita, Hali ya Hatari ikaisha, Uhuru ukaja, baba akapata shamba dogo upande wa Kabazi. Mama Kariuki hatukumwona tena; tulisikia tu kwamba alifia huko alikopelekwa. Wanjiru alikua msichana wa mbio, asiyekaa nyumbani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa nilipokwenda kumtembelea Cucu katika mwaka wake wa mwisho. Alikuwa ameketi juani nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Wanjiru alipita akikimbia, na Cucu akageuza uso kufuata vishindo.

"Yule alikuja ameketi," akasema.

Nilidhani akili imemruka. Nikamkumbusha kuni.

"Niliona miguu," akasema. "Mtoto aliyekunjwa hivyo tumboni hutoka na miguu usoni, na kichwa chake hakikubanwa na chochote. Nilijua hata kabla sijamtia maji." Aliendelea na mahindi. "Wangu wa kwanza alikuja hivyo. Kabla ya baba yako. Alilia vizuri kabisa. Walimtoa nje, na mimi sikuulizwa."

Nikaokota hindi moja nikapukuchua pamoja naye. Baadaye nikamwuliza kwa nini hakumwambia mama kwamba anajua, na kwamba amemkubali mtoto.

"Ningesema, ingekuwa jambo," akajibu. "Jambo likishasemwa, kuna mtu atataka kulijibu. Nilinyamaza ili asiulizwe mtu. Na wewe usimwambie mama yako. Ataona haya."

Nilitunza neno lake mpaka akafa na baada ya kufa. Halafu nikapata mimba yangu ya pili, nikaambiwa na daktari wa Nakuru kwamba mtoto ameketi. Alijaribu kumgeuza kwa mikono, mtoto akarudi alikotoka, mwishowe nikapasuliwa. Mama alikuja kunitazama hospitali akiwa mzee tayari. Alimshika mjukuu wake, akaona ile miguu ikiruka juu, na akaanza kusema bila mimi kumwuliza. Alinisimulia jinsi daktari alivyomsukuma tumbo naye akiuma leso, jinsi mtoto alivyogeuka na usiku huohuo kurudi, jinsi alivyozaa katikati ya watu wasiojua jina lake, matako kwanza, wakunga wakimwambia ngoja, sasa sukuma, ngoja tena, mpaka kichwa kikatoka. Akasimulia jinsi alivyokaa kwenye lori akijifunza maneno mawili, kwa kichwa, mpaka yakatoka mdomoni bila kutetemeka.

"Nilimdanganya bibi yako mpaka akaingia kaburini," akasema. "Kila alipomwogesha Wanjiru nilikaa pale nikingoja aniulize tena. Miezi yote ile sikulala. Niliogopa hata kutoka kwenda msalani nikimwacha naye."

Nilikuwa nimeahidi. Lakini Cucu alitaka kumwepusha mama na haya, na yule niliyemwona mbele yangu hakuwa na haya, alikuwa na uchovu wa miaka. Nikamwambia yote, miguu, kichwa, na yule mtoto wa kwanza aliyelia vizuri.

Mama aliinuka kitini. Alimlaza mtoto kando yangu, akazitengeneza pembe za blanketi. Mimi nilikuwa nikiwafikiria wale wanawake wawili katika nyumba moja ya mbao, laini nzima imehamwa, mmoja amempa mwenzake mgongo, mwingine ameshikilia magoti yake, na kati yao karai la maji. Kuni hazikumgeuza mtoto; hilo nalijua. Aliyemwokoa ni Sista Rispa aliyesema ukweli mapema, na mikono ya watu wa Nakuru. Lakini baada ya kuokolewa alihitaji kupokelewa, na aliyempokea alifanya hivyo peke yake, kimyakimya, wala hakumwachia mama hata chembe ya faraja hiyo. Sijui kama nimlaumu au nimshukuru, na nimeacha kujaribu kuamua.

"Kumbe tulikuwa wawili," mama akasema mwishowe.

Alivua kitambaa chake cha kichwani, akajifuta uso, akakifunga tena. Halafu akaniuliza kama nimekula.